Taa inayozima ukisimama ni taa ya nini?

Wadau, leo nina hasira. Jana usiku natoka chuo narudi geto Tandika, nikafika njia panda nikasimama. Dainamo nayo ikasimama. Giza! Daladala ikafunga breki karibu kabisa na keria yangu. Konda: "We dogo, taa huna?"

Taa ninayo! Ila tairi lisipozunguka, dainamo haitoi umeme. Yaani inakuacha pale pale unapoihitaji.

Msiniambie dawa haijulikani. Ulaya kuna taa za dainamo zenye kapasita ndani: inatunza chaji, taa inaendelea kuwaka dakika kadhaa baada ya kusimama. Na hapa hapa Bongo, Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alishatengeneza chaja ya simu inayotumia baiskeli. Simu iweze, taa ishindikane?

Wauza mkaa wanaoingia Mbagala na Kilwa Road ndo wana hali mbaya zaidi. Gunia linafunika kila kitu nyuma, dereva wa lori atawaonaje? Wanahitaji taa ya kufunga juu ya gunia, siyo lawama.

Waagizaji baiskeli, mnatuuzia kengele na stendi, uhai wetu je? Na sisi watu wa Fizikia tusijifiche. Fomula za kapasita tunazimwaga kwenye mitihani, kesho tutawakaririsha madogo sekondari, na hatujawahi kufunga hata moja kwenye baiskeli. Aibu!

Jumamosi naanza na yangu. Mwenye vifaa vya kulehemu kama vya mafundi redio anistue.