Bwana Shamba Asema: Majira na Nafasi ya Kabichi

Huko Kitengela na pande nyingi za Kajiado wako watu wapendao kuiacha mvua ipite, kisha kupanda kabichi na sukuma wiki kwa maji ya kisima, ili mazao yafike Nairobi wakati wa bei nzuri. Hesabu hiyo si ya kijinga. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa daftarini, nayo ni ya wadudu.

Wakati wa joto nondo mdogo wa kabichi hukamilisha maisha yake, tangu yai hata nondo, kwa majuma matatu hivi au pungufu. Basi kabla kabichi hazijakomaa, vizazi vitatu au vinne vimekwisha kula shambani. Mvua ya Machi hata Mei, na ile ya Oktoba hata Desemba, huwaangusha viwavi wachanga pamoja na vidukari, wala haidai malipo. Apandaye Januari hununua dawa badala yake, na nondo huyu huizoea dawa upesi: mwaka 1953 huko Java alikwisha kuonekana akiishinda DDT. Tena sukuma wiki huchumwa mara kwa mara; apigaye dawa leo na kuchuma kesho awauzia watu sumu, na watoto ndio walao.

Sasa nafasi. Vidukari warukao hupendelea kutua penye mmea uliozungukwa na udongo mtupu. Majani yakifunika ardhi, hutua wachache. Wakulima wa Canada hupanda kanola, jamaa ya kabichi, kwa kusonganisha, na madhara ya wadudu hugawanyika kwa mimea mingi. Lakini tusiige yote. Kanola huvunwa mbegu; kabichi huuzwa kwa kichwa. Sentimeta 60 kwa 45, yaani miche kama 15,000 kwa eka, yatosha. Ukizidisha, vichwa hudumaa, na majani yasiyokauka hukaribisha ugonjwa wa kuoza.

Mbegu zitiwe kitaluni mwezi mmoja kabla ya mvua, na miche ihamishiwe juu ya matuta, kwa kuwa udongo wetu mweusi hutuamisha maji. Palipokufa mche, pazibwe juma lile lile. Na yale mashina ya zamani ya sukuma wiki, marefu kama nguzo za ua, yang'olewe kabla ya kupanda. Humo wadudu wamekwisha kujenga mji.