Programu Isiyofungashwa Ni Deni kwa Mwananchi

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja alitetea mradi wake wa mwisho: programu ya Python ya kutunza hesabu za chama cha akiba na mikopo. Ilifanya kazi barabara, nami nikampa alama ya A. Mhasibu wa chama kimoja, mama wa makamo tuliyemwalika, akauliza swali moja tu: "Nami nitaipataje kwenye kompyuta yangu, mwanangu?" Kijana akamweleza: uweke Python kwanza, kisha maktaba tisa, kisha ufungue dirisha jeusi na kuandika amri. Mama akashukuru, akachukua daftari lake, akaenda zake.

A ile niliitoa bure, na mwenye kosa ni mimi.

Tunafundisha kuandika programu. Kuifungasha tunakuita kazi ya fundi, eti si taaluma. Napinga. Programu ya Python haisimami peke yake: huhitaji injini inayosoma maagizo yake pamoja na maktaba zake, tena za matoleo yanayopatana. Asiyejua programu yake inategemea nini hajaielewa, hata kama aliiandika mwenyewe. Na zana zipo, za bure. PyInstaller hukusanya vyote hivyo mahali pamoja. Briefcase na Buildozer huufikisha mzigo hadi kwenye simu. Tangu toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, Python yenyewe inazitambua rasmi Android na iOS. Kisingizio kimekwisha.

Sisemi kwamba njia ni nyeupe. Kwa PyInstaller, kifurushi cha Windows hutengenezwa kwenye Windows. Cha iPhone hudai kompyuta ya Apple. Kifurushi kisicho na saini ya kidijitali hukutana na onyo linalomtisha mtumiaji. Google Play hutoza dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Kwa kijana anayeishi kwa mkopo wa masomo, huo ni ukuta. Kwa chuo kikuu, ni fedha ambayo pengine haifiki gharama ya chai na vitafunwa vya kikao kimoja.

Basi hoja yangu ni hii. Chuo kiwe na akaunti na saini yake, wanafunzi wachapishe kwa jina lake. Mradi usipewe A mpaka mtu asiyejua Python auweke na kuutumia bila mwandishi wake kusimama pembeni. Nanyi watumishi wa umma mnaopokea mifumo, msitie sahihi kwa sababu imewaka kwenye kompyuta ya mkandarasi. Iwakeni kwenye ya karani wenu.

Wapo watakaosema kizuri chajiuza. Kitajiuzaje kikiwa hakijatoka kabatini? Kodi ya mama yule ndiyo iliyomsomesha kijana, na ndiyo inayonilipa mimi. Hajatuomba hisani. Anatudai faili moja, la kubofya mara mbili.