Mwani wa Baharini Unatuhusu Sisi wa Kitui na Makueni

Katika shule moja ya upili wilayani Kitui ambako nilifundisha biolojia kwa miaka mingi, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikulijibu ipasavyo. Siku hiyo tulikuwa tukisoma habari za mwani: jinsi unavyojitengenezea chakula baharini, na jinsi unavyoathiriwa na mwanga, joto na hewa. Kijana huyo alisimama kwa adabu, akasema, "Samahani, mwalimu. Sisi hapa hata maji ya kunywa twayafuata mbali na punda. Mwani wa baharini unatuhusu nini?" Darasa zima liliangua kicheko. Nami, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia, nilimwambia kwamba unamhusu kwa sababu huenda ukaulizwa katika mtihani.

Jibu hilo limenikera tangu siku ile. Halikuwa la uongo, ila halikuwa na elimu ndani yake. Mwanafunzi aliyeuliza kwa dhati nilimpa sababu ya kukariri, nikamnyima sababu ya kufikiri. Naamini walimu wengi wa bara tunalitenda kosa hili. Mambo ya bahari tunayafundisha kana kwamba ni habari za nchi ya mbali, tukayapitia mbiombio ili tuifikie mada inayofuata. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa kijana yule, na pia ni ombi kwa walimu wenzangu.

Tuanze na ramani. Mto Athi, kwa sehemu kubwa, ndio mpaka baina ya Makueni na Kitui. Hupokea maji ya Thwake na ya vijito vingi ambavyo wakati wa kiangazi huwa mchanga mtupu, na mvua inaponyesha hufurika kwa saa chache kisha vikatulia. Ukiisha kukutana na Mto Tsavo hubadili jina ukaitwa Galana, na ukaribiapo pwani huitwa Sabaki. Huingia katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kibwezi au wa Ikutha anayesimama kando ya Athi mwezi wa Novemba, akayatazama maji mekundu yakipita mbele yake, anayatazama maji yaendayo baharini.

Maji hayo hayaendi peke yake. Kila mwaka Sabaki humwaga baharini mamilioni ya tani za udongo, na sehemu ya udongo huo imetoka katika mashamba na malisho yetu. Wakati wa kaskazi, upepo unaovuma kuanzia Novemba hadi Machi, tope hilo husukumwa kuelekea kusini, yaani kwenye ghuba ya Malindi na kwenye miamba ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu mwaka 1968. Aijuaye Malindi anaijua rangi ya maji yake katika majira hayo: si buluu tena, ni rangi ya chai ya maziwa.

Hapo ndipo habari ya mwani inapoanza. Mwani hauna mizizi ya kufyonza chakula ardhini kama mhindi. Hujishikiza tu kwenye jiwe, na huchukua maji, chumvichumvi na hewa kwa mwili wake wote. Kwa umbijani wake hunasa mwanga wa jua na kujitengenezea sukari, kazi ambayo wataalamu wa Kiswahili huiita usanidinuru. Mwani mwekundu una rangi ya ziada inayonasa mwanga wa kijani na wa buluu, ambao ndio unaozama mbali zaidi katika maji safi. Kwa sababu hiyo huweza kuishi katika kina ambacho mimea mingi haikiwezi. Lakini maji yakijaa udongo, mwanga wa buluu huwa wa kwanza kupotea.

Mwani haukubali kushindwa upesi. Huongeza rangi mwilini mwake ili uunase hata ule mwanga kidogo uliosalia. Hata hivyo, kama kiumbe chochote, unapumua mchana na usiku, na kupumua huko hutumia sukari. Kiza kikizidi hata sukari inayotengenezwa ikawa pungufu kuliko inayotumiwa, mwani huacha kukua na mwishowe hufa. Isitoshe, udongo unaotua chini huyafunika mawe, na mbegu changa za mwani zikakosa mahali safi pa kujishikiza.

Jambo la pili ni joto. Mkulima wa Ukambani hahitaji kufundishwa kwamba mimea haivumilii jua kwa kiwango kimoja. Amekwisha kuyaona mahindi yakikunja majani adhuhuri, ilhali mtama na mbaazi vinastahimili. Baharini mambo ni yayo hayo. Kule Zanzibar, kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wake, ambao wengi ni wanawake, wamepanda aina mbili: spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, na ndiyo isiyovumilia joto. Tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maji mengi ya kina kifupi. Matawi huwa meupe kama barafu, hulainika na kukatika. Joto likipita kiwango chake, kazi ya vimeng'enya mwilini huvurugika, mmea hudhoofika, na bakteria hupata mlango wa kuingilia.

Dakta Flower Msuya, mtafiti ambaye jina lake halitengani na mwani wa Zanzibar, amekuwa akiwahimiza wakulima kuipanda kotonii katika maji ya kina kirefu zaidi, yasiyopata moto upesi. Ushauri huo ni mwema, lakini wengi wa akina mama hao hawana mashua, wala hawakuzoea kuogelea. Kwa hiyo badiliko linaloanzia ndani ya mwili wa mmea limeishia katika karo ya watoto. Wakulima wa mwani wa Kibuyuni, katika Kaunti yetu ya Kwale, hawana budi kulitazama jambo hilo kwa makini.

Jambo la tatu ni hewa. Kabla ya enzi ya viwanda, kaboni dioksidi angani ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila milioni. Leo imepita 420. Karibu robo ya hewa hiyo inayozalishwa na wanadamu huyeyuka baharini, na kuyasogeza maji kuelekea asidi. Kwa baadhi ya mwani hewa hiyo ni kama nyongeza ya chakula. Lakini upo mwani unaojenga mwili wake kwa chokaa, ambao huigandisha miamba kama saruji igandishavyo matofali. Huo hupata taabu, kwa kuwa chokaa huwa vigumu kuundika katika maji ya namna hiyo. Bahari inayobadilika, basi, haiui kila kitu kwa pamoja. Huchagua, na mara nyingi kinachobaki si kile tunachokihitaji.

Sasa natuyaunganishe mambo haya na mvua yetu. Mvua za vuli, ambazo mkulima wa Kitui na Makueni huzitegemea kuliko za masika, huongozwa kwa kiasi kikubwa na joto la Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa bahari hiyo, yaani upande wetu, ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua zetu hupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1997, na tena mwaka 2019. Miezi michache baada ya mafuriko yale ya kwanza, mwaka 1998, matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe. Tumbawe hulishwa na mwani mdogo mno uishio ndani ya mwili wake. Joto likizidi kilele chake cha kawaida kwa takriban digrii moja, kwa majuma kadhaa, mwani huo hutolewa nje, na tumbawe likabaki jeupe, likifa njaa. Sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilikufa mwaka huo. Bahari ilitutumia mvua, nasi tukairudishia udongo.

Udongo huo una shahidi wake. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hujiongezea tabaka kila mwaka kama mti unavyoongeza pete zake, na bariamu inayoletwa na udongo wa mto hubaki katika tabaka hizo. Walibaini kwamba tangu mwaka 1700 hadi 1900 udongo uliofika haukubadilika sana. Baada ya mwaka 1900 uliongezeka mfululizo.

Msomaji wa historia atakumbuka kilichotokea bara baada ya mwaka huo. Ardhi ilitwaliwa na walowezi, watu na mifugo yao wakasongamana katika maeneo yaliyotengwa, na vilima vikabaki vitupu. Serikali ya kikoloni ilipojaribu kuuponya udongo kwa kunyang'anya ng'ombe, Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga dhuluma hiyo. Walikuwa na haki kuipinga. Hata hivyo jeraha la ardhi lilikuwa la kweli. Lililolitibu, pale lilipotibiwa, ni jembe la wananchi wenyewe, hasa akina mama wa vikundi vya mwethya waliochimba matuta ya fanya juu kilima baada ya kilima. Kitabu kilichotolewa mwaka 1994 kuhusu Machakos, ambayo hadi mwaka 1992 ilijumuisha Makueni, kilionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulipungua.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni lile la mwanafunzi wangu: mwenye kiu hawezi kuuhurumia mwani. La pili ni kwamba joto la bahari limeletwa na moshi wa mataifa tajiri, wala si jembe la mkulima wa Mutomo. Yote mawili nayakubali. Sisi hatuwezi kuipoza bahari kwa matuta. Lakini kati ya mambo matatu niliyoyataja, mwanga ndio ulio kwa sehemu mikononi mwetu. Na udongo unaoutia kiza mwani wa Malindi ndio uleule ambao ungalistawisha mahindi na kunde zetu. Anayeuzuia kwa ajili ya chakula chake amekwisha kumsaidia mvuvi wa Malindi hata kama hamjui. Mwani uliolemewa na joto huku umenyimwa mwanga hubeba mizigo miwili. Tukiutua mmoja, angalau tumeupa nafasi ya kuustahimili wa pili.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu tulifundishe somo hili kuanzia mtoni. Mwezi wa Novemba, mwanafunzi na ateke chupa moja ya maji ya kijito kilicho karibu na shule, ayaache yatulie hadi kesho yake, apime unene wa tope lililotua. Halafu achukue majani ya mimea ya majini kutoka bwawani, ayatie katika vyombo viwili vya kioo vyenye maji safi. Mwanga wa jua ukifikie kimoja moja kwa moja, na cha pili kikingwe nyuma ya chupa ya maji ya matope. Ahesabu mapovu yanayotoka katika kila kimoja kwa muda wa nusu saa. Hatahitaji maabara ya fedha nyingi ili aone jinsi kiza kinavyopunguza kazi ya mmea.

Nje ya darasa, tuzitetee hatua ambazo zimekwisha kuanzwa. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, kwa kuwa uchimbaji holela hubomoa kingo za mito na kuyafukuza maji. Kitui inasifika kwa mabwawa yake ya mchanga, yanayohifadhi maji katika vijito vikavu. Sheria isiyosimamiwa ni karatasi, na matuta yasiyokarabatiwa hubomoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi ufa ni kijifereji kinachochimbika shambani mvua ya kwanza inaponyesha, na asiyekiziba atalikuta korongo.

Kijana yule alikwisha kumaliza shule zamani, nami sijui aliko. Popote alipo, namwomba radhi, na jibu lake ni hili: mwani unakuhusu kwa sababu mvua inayolowesha shamba la mama yako huandaliwa katika bahari unamoishi, na udongo unaolitoka shamba hilo huenda kuufunika. Liwepo au lisiwepo katika mtihani, hilo ndilo ningalikufundisha.