Mke Aliyekutwa na Homa ya Ini



Tumeletewa suala na mama mmoja, na kwa kuwa si yeye peke yake aliyefikwa na jambo hili, tumeona tulijibu hapa. Alikwenda kliniki akiwa mjamzito, akatolewa damu, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Alipomweleza mumewe, neno la kwanza alilolipokea ni: "Maradhi haya umeyatoa wapi?" Tangu siku hiyo ametengewa sahani na kikombe, na mawifi wamekwisha kuambizana.

Tuanze na hilo la "umeyatoa wapi", kwani ndilo livunjalo nyumba. Virusi hivi hukaa katika damu na majimaji ya mwili. Mtu mzima akiambukizwa, aghalabu mwili wake huvishinda. Hawafiki watano katika mia wanaobaki navyo. Lakini mtoto mchanga aambukizwapo na mamaye wakati wa kuzaliwa, kiasi cha tisa katika kumi hubaki navyo umri wao wote. Kwa hivyo mtu mzima wa huku kwetu akutwaye navyo, mara nyingi alivipata utotoni, kabla hajajua ndoa ni nini. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wa Kenya mwaka 2001. Wengi wa wazazi wa leo walizaliwa kabla ya hapo. Mtu huweza kukaa navyo miaka thelathini asihisi lolote, na huku ini linaharibika polepole hata kufikia kusinyaa au saratani.

Basi mume anayemtuhumu mkewe kwa karatasi ya maabara ana hoja gani? Suratun Nur imeliwekea jambo hili mipaka mizito: mashahidi wanne kwa awatuhumuye wanawake wema, na kwa mume asiye na mashahidi, viapo vya liani. Kipimo cha damu si shahidi hata mmoja. Na bwana mwenyewe, je, amepimwa?

Ama sahani, irudishwe kabatini. Aina hii ya B haiambukizi kwa chakula, wala kikombe, wala kukumbatiana. Mama na ale na wenziwe sinia moja, na mtoto amnyonyeshe. Vya kutengwa ni wembe, kikata kucha na mswaki, uwe wa mti au wa dukani.

Arejee kliniki apimwe wingi wa virusi, kwani vikiwa vingi kuna dawa ya kumeza wakati wa mimba ili kumkinga mtoto. Amwambie mkunga mapema, tena aulize kama hospitali anayokusudia kujifungulia ina chanjo ya siku ya kuzaliwa. Mtoto achanjwe ndani ya saa 24, asingojewe wiki ya 6, kisha aendelee na za wiki ya 6, 10 na 14 kama wenziwe. Mume na watoto wapimwe. Asiye navyo na hajachanjwa, achanjwe. Kwa mtu mzima ni sindano tatu katika miezi sita, na mpaka mume akamilishe, watumie mpira katika jimai. Twayataja haya waziwazi kwa sababu kuyaficha kumeshawadhuru wengi.

Zipo aina nyingine. A na E huja kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na E ni hatari mno kwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Ililipuka katika kambi za Dadaab mwaka 2012. C huenea kwa damu, na imewapata vijana wetu wa Mombasa na Malindi wanaojidunga unga kwa sindano za kushirikiana. Hiyo ina tiba ya vidonge, kwa kawaida vya wiki 12, na karibu wote hupona. Mzazi mwenye kijana wa namna hiyo na ampeleke akapimwe badala ya kumfungia mlango.

Limebaki la wembe. Virusi vya B huishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na kuufuta wembe kwa pamba hakuviondoi. Nasi tuna nyembe nyingi: za tohara, za kuumika, za kunyoa nywele za mtoto siku ya akika. Huyo mtoto atakaponyolewa, wembe ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya wazazi, na baada ya kichwa hicho kimoja utupwe.

Wallahu aalam.