Mboga Nazo Zina Ripoti ya Mtihani

Wahariri wetu wa Chama cha Kiswahili wamenipa ukurasa huu wa maoni, nami sitaki kuujaza maneno matamu ya bure. Nina jambo. Tangu msimu wa masika wa 2024 upite, kumekuwa na mnong'ono hapa shuleni kwamba yale magunia ya mboga nyuma ya madarasa yaondolewe. Sababu? Ati bustani ilianguka. Nyanya zilioza, pesa za dawa zikaenda na maji, na nafasi ile ingefaa zaidi kuegeshea magari siku ya wazazi.

Mimi napinga tena napinga vikali. Bustani haikuanguka. Kuna mboga zilizoanguka na kuna mboga zilizopita kwa alama za juu. Mwalimu mwenye haki hafungi darasa zima kwa sababu wanafunzi watatu wamepata E. Hebu basi tusome ripoti kwanza, ndipo tutoe hukumu.

Kwa wadogo zetu, nieleze kidogo. Kilimo cha magunia hakikuzaliwa shuleni kwetu. Hapa Kibera kilishika kasi mwaka wa 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kulizuka ghasia, reli inayopita Kibera iking'olewa, maduka yakafungwa, na bei ya chakula ikapaa. Shirika moja la Kifaransa liitwalo Solidarités likaanza kuwapa wakazi miche na kuwafundisha kupanda mboga ndani ya magunia. Kina mama wa mtaani wakaushika ujuzi huo na hawakuuachilia. Ukitembea leo hapa Kisumu Ndogo utaona gunia limesimama mlangoni kama askari, limevaa majani ya sukuma kila upande.

Kazi yenyewe si ngumu. Unasimamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, unaujaza mawe, unauzungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha unauvuta juu na kuujaza tena mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya mawe ndiyo koo la gunia. Maji hupitia hapo yakafika juu na chini. Halafu unatoboa matundu ubavuni na kupachika miche. Gunia moja la kilo 90 linachukua nafasi ya kiti tu, lakini linabeba miche zaidi ya thelathini. Nani atanionyesha shamba jingine la namna hiyo katika mtaa ambao hata pa kuanika nguo hapatoshi?

Sasa twende kwenye mtihani wenyewe. Msimu wa 2024 haukuwa mchezo. Mvua za Machi hadi Mei zilizidi kiasi. Mwezi wa Aprili mafuriko yaliikumba Nairobi, watu wakapoteza maisha, nyumba zikasombwa, na serikali ikaamuru walioishi ukingoni mwa mito wahame. Shule zilizotarajiwa kufunguliwa Aprili 29 zilifunguliwa Mei 13. Sisi tunaokaa karibu tulikuwa tukipita likizoni kuangalia magunia. Kisha mvua ilipokoma ikaja baridi ya Juni hadi Agosti, ile ya mawingu mazito na jua la kuombwa. Mboga zetu zilifanya mitihani miwili katika msimu mmoja!

Niliandika daftari langu la bustani kila wiki, na matokeo ni haya.

Nyanya: E. Maua yalitoka, matunda yakaanza kushika, kisha majani yakapata madoa meusi na shina likanyauka kama lililomwagiwa maji moto. Huo ni ugonjwa wa baka chelewa, ambao wakulima wengi huuita ukungu tu. Hupenda baridi na majani yenye maji, nasi tulikuwa navyo vyote. Msidhani ni ugonjwa mdogo. Kiini hichohicho kiliharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka wa 1845, watu kama milioni moja wakafa na wengine wengi wakahama nchi. Dawa ikipulizwa asubuhi, mvua inaiosha jioni.

Kabichi: D. Majani yalikuwa mapana na ya kupendeza machoni, lakini hayakujifunga. Kabichi inataka kukaa kwa nafasi, na katika tundu la ubavuni ilikuwa kama mtu mnene aliyebanwa kwenye kiti cha nyuma cha matatu.

Sukuma wiki: B. Mwenyeji wetu huyu hakututupa. Viwavi walimtoboa na vidukari wakamganda chini ya majani mwezi wa Juni, lakini maji ya sabuni na mkono wa kuwaondoa ulitosha. Spinachi alikuwa nyuma yake kidogo tu. Ile ya magunia iliendelea vizuri, lakini iliyopandwa kwenye tuta la chini ilisombwa yote na maji ya Aprili, mizizi juu.

Dania: C. Mbegu za kwanza zilichukuliwa na mvua. Tulizopanda Juni zilistawi, kwani dania hupenda ubaridi, na jua likizidi hukimbilia kutoa maua.

Kunde: B katika masika, na D ilipofika Julai. Tulichuma majani mpaka vidukari na baridi vikaungana dhidi yake.

Mchicha: A. Tuliumwaga tu juu ya udongo, na baada ya wiki chache jiko la shule likaanza kupokea mafungu.

Malenge: A. Mbegu mbili zilizopandwa kando ya jiko zilipanda ukuta zikatambaa juu ya mabati. Matunda yalikuwa machache, lakini majani yake, yale Wajaluo wa hapa mtaani huita susa, yalichumwa bila kukoma.

Na managu je? Osuga, kama anavyoitwa na wenye Kisumu Ndogo yao? A bila ya shaka. Mvua ilimpiga, akasimama. Baridi ilikuja, akapunguza mwendo lakini hakukoma. Siri yake ni kuchuma kilele. Ukikikata, matawi mawili yanachipuka pale ulipokata moja.

Hapa nasikia mtu akisema, "Aha, kumbe unataka kutuambia kila cha kienyeji ni kizuri na kila cha kigeni ni kibaya!" La, hasha. Nisomeeni ripoti mpaka mwisho. Mrenda, ambao Wajaluo huuita apoth, ulipata D, nao ni mboga ya kienyeji halisi. Saga, au mgagani kwa Kiswahili sanifu, ilianza vyema Machi lakini Julai ikadumaa na kutoa maua ikiwa fupi kama kalamu. Je, mboga hizi hazina maana? Zina maana sana, lakini zinapenda joto. Jiji la Kisumu, zinakonona sana, liko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700. Mtaa wetu ni Kisumu kwa jina, kwa watu na kwa samaki wa kukaanga, lakini baridi yake ya Julai ni ya Nairobi. Mrenda haudanganyiki kwa jina la kijiji.

Basi hoja yangu ni kwamba kila mboga ina majira yake. Anayepanda nyanya nje mwezi wa Aprili, katika mvua, halafu analaumu gunia, ni sawa na mwalimu anayempa mtoto wa darasa la chini karatasi ya darasa la juu halafu anasema mtoto ni mjinga.

Nyanya zilipandwa kwa sababu zina bei sokoni na zinapendeza machoni mwa wageni. Managu nayo ilipata magunia mawili tu, tena ya pembeni, kwa kuwa wengi wetu tunaionea haya. Tuseme ukweli, jamani. Hapa shuleni mtu akionekana na managu kwenye mkebe wake wa chakula anachekwa, ati amekula majani ya maskini. Lo! Tunaowacheka ndio wanaokula vizuri. Mboga hizi zina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi ya utafiti kuzirudishia heshima yake. Mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuigwa duniani. Yaani ulimwengu unapiga makofi, nasi tunaficha mkebe chini ya dawati! Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mama mboga mmoja ninayenunua kwake karibu na reli aliniambia, "Mjukuu wangu, nyanya nikizipata ni bahati, lakini osuga ndiyo inayolipa kodi ya nyumba yangu." Sikumwuliza mara ya pili.

Wapo pia wanaosema magunia yanakula maji, na maji hapa kwetu ni ya kununua kwa mtungi. Hilo ni kweli, wala silipuuzi. Wengine wakapendekeza tuteke maji mtoni. Hapo nasema hapana! Mto Motoine, unaoingia Bwawa la Nairobi na kutoka ukiitwa Mto Ngong, unabeba maji ya vyoo na takataka za mitaa mizima. Kuyanyunyizia majani tutakayoyala ni kujitafutia kipindupindu kwa mikono yetu wenyewe. Dawa ya shida hii iko juu ya vichwa vyetu. Mabati ya madarasa yalimwaga mvua yote ya 2024 chini bila hata pipa moja la kuikinga. Mifereji ya bati na matangi mawili yangetufikisha mbali, pamoja na maji ya jikoni ya kuoshea mboga na mchele, ambayo kila siku humwagwa tu.

Kuhusu maegesho ya magari, nina maneno machache. Siku ya wazazi ni moja kwa mwaka. Siku za kula ni zote. Tena wazazi wengi hapa huja kwa miguu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Kaunti ya Nairobi nayo ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka wa 2015. Sheria zinatutambua sisi wakulima wa magunia. Itakuwa aibu shule iwe ya mwisho kututambua.

Na kuna jambo moja ambalo watu wa Kibera hawahitaji kuelezwa. Mwezi wa Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki bila nyumba, na wanafunzi bila madarasa. Shamba huwezi kulibeba mgongoni. Gunia, watu wanne wanaliinua. Kwa hiyo hata kama siku moja shule itahitaji kweli nafasi ile, tuhamishe magunia. Kuyamwaga ni jambo jingine kabisa.

Sipendi kulalamika bila kuleta pendekezo. Haya ndiyo yangu, na nawaomba mwalimu mlezi na viranja wayajadili:

Kwanza, tupande kwa kalenda. Machi hadi Mei tupande managu, mchicha, kunde na malenge. Juni hadi Agosti tutegemee sukuma, spinachi, dania na managu. Saga na mrenda tuzipande Oktoba, joto likirudi. Nyanya zisubiri Januari na Februari, jua likiwa kali, tena magunia mawili tu ya kujifunzia. Kabichi tuinunue.

Pili, kila darasa lipewe magunia yake na daftari lake, liandike kilichopandwa, kilichochumwa na kilichokufa, na sababu.

Tatu, mimea michache bora iachwe izae mbegu. Mbegu za managu na mchicha hazina haja ya kununuliwa kila msimu.

Nne, jiko la shule lipike managu au mchicha mara moja kwa wiki, uchungu wa managu ukitulizwa kwa maziwa kidogo. Ulimi hufundishwa kama mkono.

Walimu wetu wapendwa, na ninyi wanafunzi wenzangu, mkutano wa kuamua kuhusu magunia bado haujaitwa. Ukiitwa, njooni na ripoti hii mkononi. Soma alama ya kila mboga, tazama majira iliyofanyia mtihani, kisha uinue mkono wako. Mchagua jembe si mkulima, na sisi tumelichagua jembe mpaka tunataka kulitupa. Mimi kura yangu mnaijua. Naitua kalamu hapa, nikatie managu maji kabla kengele ya jioni haijalia.