Kit Mikayi si mawe ya kupigia picha tu

Ukitoka Kisumu kwa matatu ya Bondo, mwendo wa kilomita 30 hivi, unafika Seme kwenye majabali ya granaiti yaliyobebana hadi kimo cha mita 40 hivi. Mtaalamu wa miamba atakwambia ni nyufa, mvua na jua vilivyoyachonga. Sawa kabisa. Ila hakuna anayefunga na kukesha kwa ajili ya nyufa.

Kinachowaleta watu ni ibada, na kisa cha mzee Ngeso. Wazee husimulia kwamba alilipenda jabali hilo hata akawa anashinda pangoni kutwa, mkewe akimpelekea chakula huko huko. Alipoulizwa mumewe yuko wapi, mama huyo alijibu kuwa yuko kwa mikayi, mke wa kwanza. Kuna kejeli humo, kuna wivu, na kuna uchovu wa mtu aliyepanda na chakula kichwani kila siku. Awe Ngeso aliishi au hakuishi, nyumba ngapi leo zina jabali lao: kazi, chupa, simu?

Mapangoni humo waumini wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa Nyanza miaka ya 1960, huja kusali. Nta ya mishumaa huganda juu ya mawe, na maji ya ndani huchotwa yakiaminiwa kuwa ya baraka. Nje, akina mama huwapokea wageni kwa nyimbo za dodo. Wapo wahubiri wanaouita huu ushirikina. Wanasahau kwamba wazee walioimba na kucheza hapo wakiomba mvua walimwita Mungu Nyasaye, jina lile lile lililomo katika Biblia ya Kijaluo.

Mwaka 2019 UNESCO iliziingiza mila za Kit Mikayi katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka: wanaozijua wamezeeka, na ibada zenyewe zimepungua. Uzio na tiketi haviwezi kutibu hilo. Mwandishi Grace Ogot, aliyefariki mwaka 2015, alizitia ngano za Wajaluo vitabuni, na kazi yake haina mfano, lakini kitabu hakiitikii wimbo.

Basi sehemu ya kiingilio iwe posho ya wasimulizi na waimbaji. Shule nazo, badala ya kuwarudisha watoto kwenye basi baada ya picha, ziwape muda wa kumbishia mzee: na huyo mke wa Ngeso, yeye alikula saa ngapi?