Maneno ya Kiingereza: "Few" Si "A Few"

Gorogoro, debe na gunia la kilo 90 ni vipimo avijuavyo kila auzaye mahindi Kimilili. Shida huanza pale barua ya biashara ifikapo kwa Kiingereza, nayo imejaa maneno yasemayo kiasi bila kukitaja. Maneno hayo hana budi kuyafahamu karani aandikaye barua, na vilevile mkulima atiaye sahihi.

Kwanza ni "few" na "a few". Wengi huyadhani kuwa na maana moja, kwa kuwa hutofautiana kwa herufi moja tu. Lakini mwenye ghala akimwandikia mkulima, "We have few empty bags", maana yake ni kwamba magunia matupu ni haba, hata pengine safari ya kuyafuata ni kupoteza nauli. Akiandika, "We have a few empty bags", maana yake si mengi, lakini yapo. Mkulima na aende. Kiswahili husema "machache" kwa yote mawili, kisha huongeza neno la kufafanua: "ni machache mno", au "yapo machache". Ndivyo ilivyo pia kwa "little" na "a little". Mwenye "little fertilizer" ni kama hana mbolea. Mwenye "a little fertilizer" anayo ya kuanzia.

Pili ni "many" na "much". "Many" ni kwa vitu vihesabikavyo kimoja kimoja: many cows, many bags. "Much" ni kwa visivyohesabika hivyo: much milk, much water, much maize. Hapa msemaji wa Kiswahili hunaswa na lugha yake mwenyewe, maana maziwa, maji na mahindi yote huitwa "mengi", kana kwamba ni vitu vya kuhesabiwa. Ndipo mtu akaandika "many maizes". Kwa Kiingereza mahindi ni kama unga: atakaye kuyahesabu sharti ataje chombo au kipimo, yaani "many bags of maize".

Tatu ni "some" na "any". Mtu akikubali kuwa anayo maharagwe husema, "I have some beans". Akikana husema, "I do not have any beans". Wala si "I do not have some beans". Akiuliza asijue jibu, husema, "Do you have any beans?" Lakini amkaribishaye mgeni husema, "Would you like some tea?" kwa kuwa atazamia kukubaliwa. Tena "any" huweza kuwa na maana ya "yoyote": "Any bag will do", yaani gunia lolote litafaa.

Limebaki "several", lenye maana ya zaidi ya viwili, lakini si vingi sana. Neno hili halina madhara katika mazungumzo. Hatari yake iko katika mapatano. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, humruhusu mnunuzi kukataa mali iletwayo pungufu ya kiasi cha mapatano. Akiipokea, huilipia kwa bei waliyopatana. Lakini upungufu hupimwa kwa hesabu. Palipoandikwa "several bags", mkulima aliyeleta magunia 4 atasema ametimiza ahadi, na mnunuzi aliyengojea 10 atasema amepunjwa, wala karatasi haitawaamua.

Basi karani mwangalifu huyaacha maneno haya katika salamu na habari za nyumbani. Penye mali na fedha huandika tarakimu pamoja na kipimo chake: "40 bags of maize, 90 kg each". Hapo hata asiyejua Kiingereza aweza kuhesabu kilicho chake.